Bei Iliyopigwa Mstari

Watu wengi hudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Kwamba hukaa katika vitabu na nyaraka za serikali, wala haina kazi sokoni. Dhana hiyo si kweli. Kila kitu kinunuliwacho kina historia, na bei yake pia ina historia. Mtu asiyejua habari ya bei ni kama mtu aliyeingia barazani wakati kesi imekwisha kusikilizwa: amesikia neno la mwisho tu, naye ataka kutoa hukumu kwa neno hilo. Insha hii yakusudia kueleza historia ya jambo moja lionekanalo dogo, ambalo hurudi kila mwaka katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Nalo ni kununua televisheni kwa bei iliyopunguzwa katika siku za mauzo ya mtandao.

Tulitazame jambo lenyewe kwanza. Ni usiku mmoja wa mwezi wa Novemba. Mama mmoja ameketi nyumbani kwake Nakuru, simu i mkononi. Zamu yake katika chama imefika, naye amepokea shilingi 30,000. Kwa muda wa miaka miwili watoto wake wamekuwa wakienda kwa jirani kutazama mpira, wakisimama mlangoni kwa haya. Sasa katika kioo cha simu mama anaona picha ya televisheni ya inchi 43. Chini ya picha zimeandikwa bei mbili: shilingi 49,999, nayo imepigwa mstari, na shilingi 27,999, kwa herufi kubwa nyekundu. Pembeni ipo saa ihesabuyo kurudi nyuma: zimebaki dakika 14. Maneno mengine yasema kwamba zimesalia televisheni tatu tu. Mama huyu ni mfano niliojitungia, lakini walio katika hali yake ni wengi mno. Afanye nini? Fedha ile ni akiba ya miezi mingi. Akiitumia vyema nyumba yake itafurahi, na akiitumia vibaya hataipata nyingine mpaka zamu yake irudi. Ili tumshauri kwa haki, yatupasa tuiache simu yake kwa kitambo, turudi nyuma zaidi ya miaka mia tatu, tuulize bei hizi mbili zilitoka wapi.

Hapo kale bei haikuandikwa. Katika masoko ya pwani yetu, na katika maduka ya Ulaya vilevile, bei ilizaliwa kwa mazungumzo. Muuzaji alitaja kiasi kikubwa, mnunuzi akataja kiasi kidogo. Huyu akapanda, yule akashuka, mpaka wakakutana mahali ambapo kila mmoja aliweza kurudi nyumbani bila ya kinyongo. Desturi hiyo haijafa. Aendaye Kongowea mjini Mombasa aijua, na mwenye duka akiambiwa kuwa bei yake ni ghali hujibu kwamba bei ni maelewano. Uzuri wa desturi hiyo ni kwamba watu wawili hutazamana usoni, na kila mmoja huweza kuupima moyo wa mwenzake. Ubaya wake ni kwamba mgeni, mtoto na mtu asiye na ulimi mwepesi walilipa zaidi kwa kitu kile kile. Kwa namna hiyo bei ilikuwa mtihani wa werevu, na mpole alianguka.

Katika karne ya kumi na saba walitokea Uingereza watu waliochukizwa na jambo hilo. Hao walikuwa Wakristo waitwao Marafiki, ambao kiongozi wao alikuwa George Fox. Walifundisha ya kwamba muuzaji anayetaja bei asiyokusudia kuipokea amesema uongo. Basi na ataje bei moja, iliyo ya haki, na ampe kila mtu bei hiyo hiyo, hata akiwa mtoto aliyetumwa na wazazi wake. Jina la Marafiki si geni kwa Wakenya, kwa kuwa watu wa dhehebu hilo kutoka Marekani walianzisha misheni Kaimosi mwaka 1902. Fundisho lao la bei moja lilianza kwa dini, lakini halikuishia katika dini. Wateja walipenda kununua mahali ambapo hawakuhitaji kuogopa kudanganywa, na wafanyi biashara wengine walipoona hivyo waliliiga.

Katika karne ya kumi na tisa maduka makubwa yalijengwa juu ya msingi huo. A. T. Stewart alifanya hivyo New York. Aristide Boucicaut alifanya hivyo katika duka la Bon Marché mjini Paris tangu mwaka 1852. Na John Wanamaker, aliyefungua duka lake kubwa la Philadelphia mwaka 1876, alieneza desturi ya kubandika kikaratasi chenye bei juu ya kila kitu. Kikaratasi kile kilikuwa kitu kidogo, lakini kilileta usawa mkubwa. Tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, walisoma tarakimu zile zile.

Lakini tazama ajabu ya mambo ya binadamu. Bei iliyowekwa imara ndiyo iliyoizaa bei iliyopunguzwa. Mahali ambapo bei haijaandikwa, hakuna mtu awezaye kusema kuwa imeshuka, kwa sababu haikuwahi kusimama mahali pamoja. Ilipoandikwa tu, ikawezekana kuipiga mstari na kuandika nyingine chini yake. Wanamaker mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia njia hiyo. Mwezi wa Januari mwaka 1878, wakati ambapo sikukuu zimepita na wateja wamepungua, alitangaza mauzo ya mashuka na vitambaa vyeupe kwa bei ya chini. Punguzo hilo lilikuwa na sababu iliyoonekana na kila mtu: mwezi ulikuwa mkavu, na bidhaa zilikuwa zimelala katika rafu. Huo ndio uhalali wa kwanza wa bei iliyopunguzwa, nao ni uhalali wa kweli hata leo. Muuzaji mwenye shehena asiyoihitaji humfaa mnunuzi mwenye subira.

Wakati huo huo ilizaliwa njia nyingine, ambayo ni nyanya wa duka la simu. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alichapa karatasi moja yenye orodha ya vitu 163, akawapelekea wakulima waliokaa mbali na miji. Mkulima alichagua kitu katika karatasi, akapeleka fedha, na kitu kikaja kwa gari la moshi. Je, mtu atamwaminije muuzaji asiyemwona? Ward alilijua swali hilo, na mwaka 1875 aliahidi ya kuwa mnunuzi asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Basi tangu mwanzo biashara ya mbali ilisimama kwa miguu miwili: orodha na ahadi. Orodha peke yake haikutosha.

Hata hivyo, mauzo yote hayo yalikuwa hayajapata siku yao maalumu. Siku hiyo ilitokana na sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani kwa mavuno, ambayo huangukia Alhamisi ya mwezi wa Novemba. Baada ya sikukuu hiyo watu walianza kununua zawadi za Krismasi. Wenye maduka waliiona siku hiyo kuwa mlango wa neema, hata mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliisogeza mbele kwa juma moja ili majuma ya kununua yawe mengi. Lilizuka zogo kubwa, baadhi ya majimbo yakakataa kumfuata, na mwaka 1941 bunge la nchi hiyo likaamua kuwa sikukuu iwe Alhamisi ya nne ya Novemba. Ni mara chache katika historia kalenda ya taifa kusogezwa kwa ajili ya duka.

Ijumaa ifuatayo sikukuu hiyo ndiyo iitwayo Ijumaa Nyeusi. Jina hilo lilipata kutumiwa kwa maafa ya fedha ya tarehe 24 Septemba 1869, wakati bei ya dhahabu ilipoanguka New York na watu wengi wakafilisika. Lakini kwa habari ya ununuzi, jina lilianzia kwa polisi wa Philadelphia katika miaka ya 1950 na 1960. Siku hiyo watu walimiminika mjini kununua na kungojea mchezo mkubwa wa mpira wa Jumamosi. Barabara zikazibwa, wezi wakafurahi, na polisi wakanyimwa mapumziko. Kwao siku ilikuwa nyeusi kwa taabu. Wenye maduka hawakulipenda jina hilo, na mwaka 1961 walijaribu kuliita Ijumaa Kubwa. Walishindwa. Basi katika miaka ya 1980 yalienea maelezo mapya: ya kwamba siku hiyo huitwa nyeusi kwa sababu vitabu vya hesabu huacha wino mwekundu wa hasara na kuanza wino mweusi wa faida. Maelezo hayo ni mazuri, na watu wengi huyaamini mpaka leo, lakini yalikuja nyuma ya jina. Hapa mwanafunzi apate somo la kwanza: mtu akishindwa kulifuta neno, aweza kuibadili maana yake. Lililowezekana kwa jina la siku lawezekana pia kwa bei.

Sasa na tuieleze televisheni. Tarehe 26 Januari 1926, John Logie Baird aliwaonyesha wataalamu mjini London picha hafifu zilizosafiri toka chumba hata chumba. Mwaka 1954 kampuni ya RCA ya Marekani iliuza televisheni yake ya kwanza ya rangi kwa dola 1,000, na kioo chake kilikuwa cha inchi 15 tu. Tangu wakati huo bei imeshuka kama maji ya mlimani, hasa vioo vilipoanza kuwa bapa. Sababu moja ya kushuka huko ni jinsi vioo vinavyotengenezwa. Kiwanda hakitengenezi kioo kimoja kimoja. Hutengeneza bamba kubwa na kulikata, kama fundi akatavyo nguo nyingi katika jora moja. Mjini Hefei, nchini China, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2017 hutumia mabamba yenye upana wa karibu mita 3 na urefu wa zaidi ya mita 3, na kila bamba hutoa vioo 8 vya inchi 65. Bamba likiwa kubwa, gharama ya kila kioo huwa ndogo.

Basi si ajabu kwamba televisheni ilifanywa chambo cha siku za mauzo. Ni kitu kikubwa, huonekana. Kila nyumba hukitamani. Na watu wengi hawajui bei yake halisi, kwa kuwa hukinunua mara moja katika miaka mingi. Mtu ajua bei ya unga kwa sababu hununua unga kila juma. Ukimwongezea shilingi tano atalalamika. Bei ya televisheni haijui, na pale asipojua ndipo awezapo kuambiwa lolote. Chambo hicho kimewahi kuleta msiba. Alfajiri ya tarehe 28 Novemba 2008, katika mji wa Valley Stream karibu na New York, umati wa watu wapatao 2,000 uliokuwa ukingojea bei za Ijumaa Nyeusi ulivunja milango ya duka la Walmart, na mfanyakazi mmoja akakanyagwa hata akafa. Mtu alipoteza maisha kwa ajili ya vitu ambavyo vingepatikana kesho yake kwa fedha kidogo zaidi.

Kwa muda huo biashara ilikuwa imekwisha kuanza kuhamia katika mtandao, ambako hakuna mlango wa kuvunja. Duka la Amazon lilifunguliwa Julai 1995 likiuza vitabu. Mwaka 2005 chama cha wenye maduka cha Marekani kilitangaza Jumatatu ya Mtandao, yaani Jumatatu ifuatayo Ijumaa Nyeusi, kwa kuwa kilionekana ya kwamba watu wakirudi ofisini, palipokuwa na intaneti ya kasi, walinunua wakiwa kazini. Nchini China kampuni ya Alibaba iliichukua tarehe 11 Novemba, iliyokuwa siku ya mzaha ya vijana wasiooa, ikaigeuza kuwa siku ya mauzo mwaka 2009. Wafanyi biashara 27 tu walishiriki mwaka huo. Mwaka 2019, katika siku hiyo moja, mauzo yalipita yuani bilioni 268. Amazon nayo ilipotimiza miaka 20, Julai 2015, ilijiundia siku yake, ikaiita Prime Day. Zamani siku ya mauzo ilingoja mavuno au sikukuu; sasa siku ya mauzo ni sikukuu yenyewe.

Kenya iliingia katika habari hii kwa njia zake. Utangazaji wa televisheni ulianza hapa mwaka 1962, kwa mtambo uliowekwa Limuru, na kwa miaka mingi televisheni ilikuwa mali ya watu wachache. Kijiji kizima kiliweza kukusanyika mbele ya kioo kimoja. Mambo mawili yaliifungua njia ya duka la simu. La kwanza ni M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ambayo ilimwezesha mtu asiye na hesabu ya benki kupeleka fedha kwa kidole. La pili ni nyaya za mawasiliano zilizopitishwa chini ya bahari na kufika Mombasa mwaka 2009, zikaongeza kasi ya intaneti. Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012, ilifika Kenya mwaka uliofuata. Na Kilimall ilianza mwaka 2014. Mwaka 2015 nchi iliacha mitambo ya zamani ya kurushia picha ikaingia katika ya dijitali, na nyumba nyingi zikalazimika kununua king'amuzi au televisheni mpya. Ijumaa Nyeusi ikaja na upepo huo. Wakenya hawana sikukuu ya Alhamisi ya Wamarekani, lakini waliipokea Ijumaa yake. Na hapa siku hiyo mara nyingi hunyoshwa ikawa majuma kadhaa ya Novemba.

Jambo jingine kubwa limetukia, nalo halionekani kwa macho. Televisheni ya zamani ilitazamwa. Televisheni ya sasa, iitwayo televisheni janja, hutazama pia. Ndani yake mna kompyuta iliyounganishwa na intaneti, na kompyuta hiyo yaweza kuweka kumbukumbu ya kila kitu kinachoonyeshwa. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushitakiwa kwamba ilikusanya habari za utazamaji kutoka televisheni milioni 11, kila nukta, bila ya idhini ya wenyewe. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kuwa katika miezi mitatu faida iliyotokana na matangazo na huduma za televisheni zake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya faida iliyotokana na kuziuza. Zingatia maana ya habari hiyo. Ikiwa muuzaji ataendelea kupata fedha kila siku mteja anapotazama, hana haja ya kupata fedha nyingi siku ya kumwuzia. Kwa hiyo punguzo la bei huenda lisiwe ukarimu. Huenda likawa sehemu moja ya malipo ambayo sehemu yake ya pili hulipwa polepole, kwa macho na siri za nyumba. Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu abonyezaye neno nakubali bila ya kusoma.

Turudi sasa kwa bei iliyopigwa mstari. Je, ni bei ya kweli? Jibu la haki ni kwamba mara nyingine ni ya kweli, na mara nyingine sivyo. Wapo wauzaji wanaopunguza bei kwa sababu modeli mpya zaja na za zamani hazina budi kutoka. Na wapo wanaonunua kwa wingi na kuuza kwa faida ndogo. Hao wafuata desturi ya mashuka ya Wanamaker. Lakini wapo pia wanaoandika bei ambayo hakuna mtu aliyewahi kuilipa, ili waipige mstari. Shirika la wanunuzi la Uingereza liitwalo Which? lilichunguza bei za Ijumaa Nyeusi ya mwaka 2018, miezi sita kabla ya siku hiyo na miezi sita baadaye. Likaona ya kuwa ni kitu kimoja tu katika kila 20 ambacho bei yake ya siku ile haikupatikana, wala kupitwa kwa unafuu, katika wakati mwingine. Viwanda vingine hutengeneza modeli maalumu za siku za mauzo, zenye jina kubwa usoni lakini mwanga hafifu na matundu machache ya kuunganishia nyaya. Modeli hizo haziwezi kulinganishwa na bei ya jana, kwa sababu jana hazikuwako.

Serikali zimeliona jambo hilo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji atangazaye punguzo ni sharti aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouza katika siku 30 zilizotangulia. Yaani sheria imemlazimisha muuzaji awe mwanahistoria. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomfaa, na sheria ya kumlinda mnunuzi ya mwaka 2012 huhesabu kuwa ni uongo kutangaza unafuu wa bei ambao haupo. Sheria hizi ni ngao njema. Lakini ngao hutumiwa na aliye macho; aliyelala hufikwa na mshale ngao ikiwa ukutani.

Sasa twaweza kumrudia mama wa Nakuru. Dakika zake 14 zimekuwa chache, lakini maswali yake yamekuwa mengi, na hilo ni jema. Mwanahistoria apewapo waraka huuliza maswali matatu: ni nani aliyeuandika, aliuandika kwa nia gani, na ushahidi mwingine wasemaje? Bei ni waraka. Iliandikwa na mtu atakaye kuuza. Saa ihesabuyo kurudi nyuma iliwekwa na mtu huyo huyo, na kazi yake ni kumzuia msomaji asiulize swali la tatu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu; na pupa ya siku hizi hutengenezwa kwa saa.

Ushahidi mwingine hautafutwi usiku wa mauzo. Hutafutwa mapema. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mama akijua kuwa zamu yake ya chama itafika Novemba, na aanze mwezi wa Agosti kuandika katika daftari: jina la televisheni, namba ya modeli, ukubwa wa kioo, na bei yake katika maduka mawili matatu, ya simu na ya mtaani. Akipata jamaa aendaye Nairobi, na amwombe apite Luthuli Avenue aulize. Kazi hiyo haizidi dakika chache kwa juma, nayo haihitaji elimu kubwa. Hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Ikiwa daftari laonyesha kuwa televisheni ile ile iliuzwa shilingi 29,500 mwezi wa Agosti, basi punguzo la kweli ni shilingi 1,501, wala si 22,000. Huenda bado ni vyema kuinunua, lakini atainunua kwa kujua, bila ya kushangilia ushindi ambao haukuwako. Na ikiwa daftari laonyesha kuwa iliuzwa shilingi 38,000, basi bei imeshuka kweli, na asisite.

Kisha aulize ahadi, kama wakulima wa zamani walivyomwuliza Ward. Dhamana ni ya muda gani, na ni nani atakayeitimiza? Kioo kikifika kimepasuka, kitarudishwa kwa gharama ya nani? Nauli ya kukileta ni kiasi gani? Televisheni ya shilingi 27,999 isiyoweza kurudishwa yaweza kuwa ghali kuliko ya shilingi 31,000 iliyo na fundi wake mjini Nakuru. Na ikifika nyumbani salama, kabla ya watoto kukaa kutazama, na asome maswali ambayo televisheni yenyewe humwuliza, akatae yale asiyoyataka.

Na kama hana daftari, na dakika zimekwisha? Basi na ziishe. Historia tuliyoisimulia yaonyesha ya kuwa kwa miaka 70 bei ya televisheni imekuwa ikienda chini, na ya kuwa siku za mauzo huzidi kuwa nyingi. Televisheni aliyoikosa usiku huu atakutana nayo, au na ndugu yake, kabla ya mwaka kwisha. Shilingi 30,000 zikitoka hazirudi kwa urahisi huo.

Marafiki wa karne ya kumi na saba walitaka bei iwe neno la kweli kati ya watu wawili. Kikaratasi cha Wanamaker kililiandika neno hilo ili kila mtu alisome. Baadaye likapigwa mstari, likaandikwa upya, likawekewa saa na rangi nyekundu. Mnunuzi hawezi kuwazuia wauzaji wa dunia nzima wasiandike watakavyo. Aweza kukumbuka tu bei ilikuwa ngapi jana. Na katika biashara hii, mtu anayekumbuka ni mgumu sana kudanganywa.